Ufagio wa Jirani wa Chini

"Papa Sylvestre, maman mbele ya kufa alisema hii ufagio tukupatie weye," alisema binti wa marehemu jirani wa chini, akiendelea kubeba maboksi.

Ncha ya mpini ilikuwa nyeupe kwa chokaa ya dari.

Miaka yote katika jengo lao la ghorofa pale Evere, Sylvestre alipoweka ule wimbo wake wa metal wa Kibrazili, magitaa yakinguruma, jirani wa chini aligonga dari kwa hasira. Lakini katika wimbo huo zikiingia ngoma za wenyeji wa misitu ya huko, mama yule alisahau ugomvi, akagonga kwa kufuata mdundo.

Sylvestre alipanda kwake, akaweka wimbo, akafungulia sauti yote.

Magitaa yakanguruma. Ngoma zikaingia. Chini, kimya.

Akaugeuza ufagio, akaanza kugonga sakafu.