Vikombe Themanini vya Uji

Siku hiyo shuleni walikuwepo Mkuu wa Shule Jogoo, Mwalimu Kanga aliyekaukwa na sauti, Mkaguzi Korongo, mwalimu mpya Njiwa, na wanafunzi themanini. Arobaini kati yao Jogoo alikuwa amewaficha nyuma ya kichuguu, maana serikali ilitaka kila mwalimu afundishe arobaini tu, naye Jogoo alipenda mno kusifiwa.

Korongo akahesabu darasa. "Arobaini kamili! Hongera, Mkuu. Basi huyu Njiwa nampeleka shule nyingine."

Kanga, aliyekuwa akiwafundisha wote themanini peke yake, alimhitaji sana Njiwa, lakini Jogoo alikuwa amemkataza kusema. Kengele ya uji ikalia. Kanga akashika upawa, akajaza vikombe kama alivyozoea kila siku.

"Mwalimu," Korongo akauliza, "wanafunzi arobaini, vikombe themanini?"

Kanga akashtuka. "Wenzao wako nyuma ya kichuguu, Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nao wana njaa."

Korongo akacheka mpaka machozi. "Ama kweli, Mkuu! Watoto umewaficha, vikombe ukavisahau?"

Jogoo akainamisha kichwa.

Njiwa alibaki, akaanza kufundisha mara tu baada ya uji, na kabla ya wiki kwisha Kanga alipata sauti yake tena.