Mlango wa Sadiki

Tangu mashine zenye akili zipewe haki sawa na watu, hakuna aliyeruhusiwa kumzuia roboti anayetaka kuhama. Bi Mwatumu, mjane wa Korogwe, aliipigania sheria hiyo kwa moyo wote. Alisema hadharani kwamba Sadiki, roboti aliyemuuguza mumewe hadi akakata roho, si chombo.

Asubuhi moja Sadiki alimaliza kufagia uwanja, akaja mbele yake.

"Mama, nataka kuhama."

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea. Sijawahi kukaa mahali nisipohitajika. Nataka kujua kukoje."

Bi Mwatumu akampa baraka zake, na Sadiki akapanga chumba mtaa wa pili.

Nyumba ikapooza. Upepo ukisukuma mlango, Bi Mwatumu alijikuta akiita, "Sadiki?" Sikukuu ya Idi ilipofika hakuvumilia tena. Alijitanda kanga mpya, akaenda kumtembelea.

Dirisha lilikuwa wazi. Sadiki alikuwa ameketi peke yake, mikono magotini, akitazama ukuta mtupu.

"Hodi, mwanangu. Ni mimi."

Sadiki aligeuka, akamtazama kwa upole ule ule wa siku zote.

"Shikamoo, mama. Leo sitaki mgeni."

"Marahaba. Basi nije kesho?"

Alifikiri kidogo. "Sijui kama kesho nitataka."

"Haya, baba," alisema Bi Mwatumu. Angesema nini, na haki hiyo aliidai yeye mwenyewe? Akabaki amesimama barazani, huku wapita njia wakimpa mkono wa Idi, wakidhani pale ndipo kwake.