Aliyeupa Uwanja Kisogo

Dakika ya sitini na moja sauti zilianza kulegea, na Ludivine aliliona hilo kabla hajalisikia. Safu ya nne, midomo ilikuwa inachezacheza tu. Safu ya saba, mtu mzima na ndevu zake alikuwa anakula chipsi.

"Nyie wa juu!" alifoka kwenye kipaza sauti chake cha mkono. "Mmekuja kuimba au mmekuja pikniki? Wewe mwenye chipsi, meza kwanza, halafu nipe sauti!"

Watu wakacheka, ngoma ikakaza, wimbo ukapanda tena.

Alikuwa amesimama kwenye kijukwaa cha vyuma kilichofungwa uzioni, ameupa uwanja kisogo, kama wasimamavyo waongoza nyimbo wote wa Ufaransa. Miaka kumi na saba hakuwahi kuliona bao la nyumbani kwa macho yake. Aliyasoma mabao kwenye nyuso: macho yakitoka, mpira uko karibu na lango, mikono ikishika vichwa, umepita nje. Leo nyuso zilikuwa za watu waliokwisha kufungwa, na mvua ya Mei ilizichapa bila huruma.

Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu wa daraja la pili. Januari, mambo yalipoharibika, watu wa jukwaa hili waliapa mbele ya mlango wa klabu kwamba hakuna siku ya mechi ya nyumbani itakayopita bila dakika tisini za nyimbo. Tisini kamili, si themanini na tisa. Walikuwa wametimiza zote, imebaki hii. Wakinyamaza leo, yule tajiri aliyeinunua klabu yao ya Valmeure na kuiuza vipande vipande atapata la kusema: mnaona, hata wenyewe walichoka.

Mzee Firmin, aliyesimama safu ya kwanza tangu Ludivine hajazaliwa, alikuwa amebana redio sikioni. Siku ya mwisho mechi zote huanza kwa wakati mmoja, na mtangazaji huruka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine.

"Wamezunguka viwanja vyote," alinung'unika. "Vyote! Sisi hata kututaja hawatutaji, washenzi hawa."

"Wakutaje halafu wakuletee na keki?"

"Binti, tunajichosha. Anayetazama huko mbele ni mimi, si wewe. Ungeona ninachokiona, ungekwenda zako kulala."

"Ndiyo maana sigeuki. Imba, mzee."

"Koo limekwisha."

"Piga makofi basi. Au na mikono imekwisha?"

Firmin akatukana kidogo, akatia redio mfukoni, akapiga makofi.

Dakika ya sabini na tano Ludivine akaanza kuwaita wachezaji. Yeye hutaja jina la kwanza, jukwaa humalizia la ukoo.

"Mathurin!"

"BOCQUET!"

"Yoann!"

"LESTIENNE!" Hapo wengine walizomea, maana Yoann alikuwa amesaini kwingine. Ludivine akawanyooshea kidole. "Alivaa jezi yetu. Rudieni! Yoann!"

Wakarudia, kwa shingo upande, lakini kwa nguvu.

Ndipo polisi wakapanda ngazi. Zamani, siku za mechi kali, walikuja mia mbili pamoja na farasi. Leo walikuja wawili. Wa mbele alikuwa Hennebelle, mkuu wa kituo, aliyekulia kwenye jukwaa hilihili na bado alikuwa anajua maneno ya nyimbo zote.

"Ludivine, jukwaa limefungwa. Mmevunja kufuli."

"Lile kufuli? Lilikuwa na kutu, limejivunjikia lenyewe."

"Usinifanye mtoto mdogo." Alikunjua karatasi, akaikinga mvua kwa kofia yake. "Imetoka juu. Andika hapa kwamba mnauomba mji radhi kwa fujo na kwa kufuli, utie saini, mimi nafunga faili. Ukikataa, marufuku kuingia viwanjani miaka miwili."

"Viwanja vyote?"

"Vyote."

Ludivine akacheka mpaka kipaza sauti kikapiga yowe, na watu mia nne wakacheka naye bila kujua wanachekea nini.

"Mwambieni aimbe!" mtu akapaza sauti kutoka juu. "Hennebelle, ulikuwa unashika ngoma wewe! Siku hizi unashika makaratasi?"

Masikio ya mkuu wa kituo yakawa mekundu. Polisi mwenzake akaangalia viatu vyake.

"Saini," Hennebelle alisema. "Mstari mmoja tu. Nani ataumia?"

"Hawa hapa." Ludivine alionyesha safu zilizolowa mbele yake: Firmin na mikono yake iliyosinyaa, mwenye chipsi aliyekuwa sasa anaimba kuliko wote, mpiga ngoma aliyefunga vidole kwa plasta. "Nikiomba radhi mimi, nitakuwa nimewaambia hawa kwamba walikosea kupenda. Dakika ya ngapi?"

"Ya themanini na sita," alijibu Firmin.

Hennebelle akaikunja karatasi polepole. Alipozungumza tena, hakuwa tena na sauti ya kazini.

"Mara moja tu, dada yangu. Geuka uone unachokipigania."

Ludivine akageuka. Nyasi zilikuwa zimeota hadi magotini kutoka kona hadi kona, magoli yameng'olewa tangu klabu ilipofutwa kwenye ligi mwezi ule wa Januari, na mahali pa duara la kati palikuwa na sungura wawili, wanakula.

"Zimebaki dakika nne," alisema, akawarudia watu wake na kuinua kipaza sauti. "Na radhi siombi."