Rimoti ya Moyo

Sheria ilitaka kila aliyepandikizwa kifaa cha moyo awe na msimamizi nyumbani wa kushika rimoti yake, na msimamizi wa Mwanakombo alikuwa mumewe, Shaweji. Kila mke alipopandisha sauti, mume alibonyeza rimoti; mapigo yakapungua, miguu ikamlegea, akakaa kitako.

“Nakutunza, mke wangu.”

“Unanitunza au unaninyamazisha?”

Shaweji akabonyeza tena.

Kisha Shaweji naye alianguka msikitini, akapandikizwa kifaa. Daktari alimkabidhi Mwanakombo rimoti ya mumewe. Aliipokea kwa mikono miwili.

Siku Shaweji aliporuhusiwa kurudi nyumbani walikula pamoja, kila mmoja mkono wake wa kushoto ukiwa chini ya meza, umeshika rimoti.

“Mchuzi umezidi chumvi,” Shaweji alianza.

Mwanakombo aliinua macho.

“Lakini mtamu,” Shaweji akasema upesi. “Mtamu sana.”