Sarafu za Korea kwenye Maji ya Ukwaju

"Bibi, stop!"

Mjukuu wangu Miska alinikuta jikoni, mkono umo ndani ya bakuli la maji ya ukwaju. Idi ilikuwa kesho, na kwetu Unguja tulikotoka shaba haiingii Idi na weusi wake. Sinia la shaba nilishalisugua. Nikaona niunganishe na sarafu tano za Korea za marehemu babu yake, zile zenye tundu la pembe nne, alizokuja nazo enzi za ubaharia.

"Weusi ule ndio umri wake, Bibi! Wanaokusanya sarafu hawazitaki zilizosuguliwa."

"Mie nilidhani uchafu, mama."

Nne zilikwisha kung'aa kama vijiko vipya. Ya tano ilikuwa bado kavu mezani. Miska akaipeleka dirishani, akanionyesha mbele herufi nne za jina la sarafu yenyewe. Nyuma, akasema, huwekwa herufi ya ofisi iliyoisubu, yaani iliyoitengeneza. Akaigeuza, akakunja uso.

"Hii imelika. Nyuma hapasomeki kitu. Haya, hii ioshe tu, haina kazi."

Akaishika juu ya bakuli, tayari kuiachia.

Nikamdaka mkono.

Nyuma pale pamelika kwa dole gumba la babu yake. Miaka yote hapa ughaibuni, Thamesmead, barua ya nyumbani ikichelewa, alikuwa akikaa kitini akipasugua, taratibu.

"Nipe," nikamwambia.

Pamebonyea kidogo tu. Nikatia dole langu, likaenea.