Mpira kwenye Tangi

Pompi ya kukausha shimo la dhahabu la Lusangi ilikataa kuwaka, na maji yalizidi kupanda. Jana Consolée, mwenye pompi, alimfukuza fundi akisema ameiharibu. Leo alilegeza mrija wa mafuta ya dizeli mwenyewe: mazutu ikadondoka tone moja tu, na tangi limejaa!

Akatazama kifuniko. Alikuwa amekizungushia mpira wa baiskeli kwa mkono wake, kukomesha wizi wa mafuta, bila kuacha hata tundu la hewa.

Akaufungua. Tangi likavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Mazutu ikamlowesha vidole.

Akakaza mrija, akazungusha manivela ya kuwashia. Pompi ikanguruma.

"Ilikuwa nini, mama?" wachimbaji waliuliza toka chini.

Consolée aliusokomeza mpira ndani ya kitenge, kiunoni.

"Uchafu," akajibu. "Yule fundi aliacha uchafu mu mazutu."