Tisa kwa Kumi

Roboti alipoangusha ukuta wa tatu, fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali, akasukuma miwani juu ya paji la uso na kuishika simu ya mumewe.

"Rubani, pendekezo la Jumamosi hii," aliandika. "Roboti mlinda makaburi, sayari haina mtu. Sehemu nane. Naipa nane kwa kumi. Mwisho sisemi."

Huo mwisho wenyewe hakuuelewa. Mtu wa kukunja pindo na kutia zipu, mambo ya roboti atayajulia wapi? Zamani, mumewe akiwa hai, yeye aliziita tamthilia hizi sinema za mabati, na akipita sebuleni alikuwa akipunguza sauti bila kuomba ruhusa.

Mumewe alikuwa fundi wa maabara shuleni, marafiki wakimwita Profesa. Walikuwa wanne tangu chuoni, na sheria yao ilikuwa moja: kila Jumamosi kila mtu alete kitu, iwe tamthilia, gemu au kitabu cha katuni, akipe alama, na ole wake atakayesema mwisho. Wawili wakapotelea kwenye maisha. Wakabaki Profesa na Rubani, ambaye hajawahi kurusha hata tiara, anayeishi na baba yake mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi.

Rubani alikuwa na moyo mbovu. Ndiyo maana Profesa, siku yake ya mwisho wodini, hakutaja nyumba wala shamba. Alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Usimwambie Rubani. Yule akisikia nimekufa, atanifuata. Mpelekee tu pendekezo kila Jumamosi."

Miezi tisa sasa. Fundi anaegemeza simu kwenye kopo la nyuzi, anashona suruali za watu huku akitazama mazombi. Anacheka peke yake, analia peke yake. Kinachomtisha zaidi ni ile simu: akiandika neno moja, inamletea la pili na la tatu, maneno ya marehemu yakijipanga yenyewe. Siku moja aliandika "mke" tu, simu ikamalizia: "wangu kanuna tena." Aliiweka chini, akakaa nayo mbali mpaka jua likazama.

"Wifi," dada wa marehemu alimwambia, "mwache kaka apumzike. Na wewe upumzike. Kwani huyo Rubani ni nani?"

"Nikimwambia yeye, nitazika wawili," fundi alijibu.

Rubani naye, jamani, alikuwa amebadilika. Kwenye ujumbe wa zamani hatoi zaidi ya sita, hata kwa kitu kilichomliza. Siku hizi ni tisa, tisa, tisa. Zamani alituma sauti za dakika kumi. Sasa anaandika tu, tena kwa salamu, na nukta kila mahali pake. Ugonjwa humtia mtu adabu, fundi alijisemea, na akashukuru, maana yeye sauti angeijibu kwa koo la nani?

Safari hii jibu lilichukua siku mbili. "Habari za asubuhi, Profesa. Nimeianza. Samahani kwa swali, huyo roboti anakula nini?"

Fundi alilisoma mara tatu. Rubani, anayejua kila skrubu ya kila chombo cha angani, aulize swali la mtoto? Huu ulikuwa mtego. Ameshanusa. Na akigundua akiwa peke yake chumbani, akaanguka bila mtu wa kumdaka, damu yake itakuwa juu ya nani? Hapana. Bora aambiwe uso kwa uso, taratibu, na baba yake akiwa pembeni.

Jumamosi iliyofuata hakutuma kitu. Alibeba boksi la vitabu vya katuni ambalo Profesa alikuwa ameliandika anwani ya Rubani kwa mkono wake, akapanda basi. Njia nzima alipanga maneno, akayapangua. Kila shimo la barabarani lilimrudishia swali lilelile: na moyo wake ukigoma?

Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu, kalamu imechomekwa mfukoni, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, baba. Mimi ni mke wa Profesa."

Mzee alishika fremu ya mlango. Akatazama nyuma ya fundi, kulia, kushoto, mpaka kule barabarani.

"Yeye hakuja?"

"Hakuja."

"Afadhali," mzee alisema, akapumua. "Afadhali, mwanangu. Ingia."

Sebule ilikuwa kimya. Kwenye televisheni roboti alikuwa amesimamishwa katikati ya makaburi, na mbele yake palikuwa na kiti kimoja, kikombe kimoja na daftari lililojaa mwandiko ulionyooka. Fundi aliweka boksi mezani.

"Baba, nina neno na Rubani. Ila naomba ukae karibu naye nikimwambia. Ni habari nzito."

Mzee hakwenda kumwita mtu. Alifunga mlango polepole, akaja akaishika mikono ya mgeni wake kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, nisamehe. Mwezi wa kumi huu tangu nimzike Rubani. Aliniapisha. Alisema, 'Profesa yuko wodini, na akisikia nimekufa, atanifuata.' Nakuomba, ukirudi nyumbani usimwambie mumeo. Mwambie tu kwamba Rubani kaimaliza, kaipa tisa."